Slasha ya trekta kwa shamba lenye visiki na vichuguu: difu ya pikapu itafaa?

MalishoMufindi

Kamwene wakuu. Naomba ushauri wa kutengeneza slasha, mashine ya kufyeka ya kufunga nyuma ya trekta. Si ya kiwanja cha mpira, ni ya pori. Shamba ni ekari 40, Mufindi, zamani lilikuwa la mikaratusi na miwati. Miti imevunwa, visiki vimebaki. Vingine vinafika kwenye kifundo cha mguu, vingine vimefunikwa na nyasi havionekani kabisa. Machipukizi ya mikaratusi ni ya unene wa kidole gumba hadi mpini wa jembe. Kuna vichuguu na mteremko kiasi. Nataka malisho ya ng'ombe wa maziwa, na mkanda wa kuzuia moto pembeni uwe umefyekwa kabla nyasi hazijakauka.

Trekta ni MF 265 (Massey Ferguson), PTO (shafti ya nyuma ya kutolea nguvu) ya mizunguko 540 kwa dakika, shafti ya inchi 1 na 3/8 yenye meno 6. Fundi ana mashine ya kuchomelea na gesi. Kazi za kukereza zitakwenda mjini. Mpango wake: difu ya pikapu isimamishwe wima, bamba la mm 4 juu, visu viwili vya springi ya lori vichomelewe moja kwa moja kwenye flanji. Upana fiti 6. Difu itafaa? Fiti 5 au 6? Na kisiki kikigongwa, nini kitaokoa mashine?

FundiKereza

Kamwene mkuu. Difu iache, hesabu yake inakataa. Difu nyingi za pikapu zina uwiano wa karibu 4 kwa 1, tuchukue 4.1. Ukiingiza nguvu kwenye pinioni (gia ndogo ya difu) kama ilivyo kwenye gari, 540 inagawanywa kwa 4.1 na visu vinazunguka mara 132 kwa dakika. Kwa upana wa mita 1.5, ncha ya kisu inakwenda mita 10 kwa sekunde. Nyasi zitalala zikupishe, kisha zitainuka nyuma yako.

Fundi akiona hivyo huigeuza: anachomelea gia ndogo za ndani zisicheze, anaingiza nguvu kwenye ekseli, pinioni inatoka na visu. Sasa 540 inazidishwa, mzunguko unafika 2,214, na ncha inakwenda mita 174 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Hapo hakuna boliti ya dukani ya kuaminika, achilia mbali kisu cha kuchomelea. Isitoshe, meno ya difu hayakukatwa ili krauni (gia kubwa) iisukume pinioni muda wote; yatapiga kelele, yatachemsha oili, yataliwa.

Unachotaka ni mita 60 hadi 80 kwa sekunde kwenye ncha. Tafuta giaboksi ya slasha yenyewe, ya HP 60 au zaidi, uwiano 1 kwa 1.47. Hiyo inatoa mizunguko 794: kwa fiti 5 ni mita 62 kwa sekunde, kwa fiti 6 ni 75. Zipo za 1 kwa 1.93, kwa fiti 5 zinafika 82, kwa fiti 6 zinafika 98, kwa hiyo hizo usizifunge kwenye slasha ya fiti 6.

Ukinunua iliyotumika, usisikilize maneno ya muuzaji. Piga alama ya chaki kwenye shafti zote mbili, zungusha ya kuingizia mara moja kamili, uhesabu ya chini. Ikikaribia mzunguko mmoja na nusu, ni 1.47, ikikaribia miwili, ni 1.93. Kisha weka mtaimbo chini ya shafti ya visu uinyanyue. Ukisikia inacheza juu na chini, beringi zimekwisha. Chomoa kizibo: oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia.

Bamba la mm 4 litapasuka. Weka mm 6, na giaboksi isikae kwenye bamba peke yake. Pitisha chaneli mbili za mm 100 kutoka mbele hadi nyuma, giaboksi ifungwe juu yake. Ikikaa kwenye bamba tupu, mtikisiko unalikunja kidogo kidogo na ufa unaanzia kwenye tundu la boliti, karibu kila mara tundu la mbele. Mkichomelea, ruka ruka vipande vya sm 5 pande tofauti, la sivyo bamba litajikunja kama chapati.

Kuhusu upana, mimi nasema fiti 5. Pana zaidi inapanda kichuguu upande mmoja na kuchimba udongo upande wa pili.

SpringiMoja

Hapo kwenye visu vya kuchomelewa ndipo penye hatari kubwa kuliko difu. Kisu cha slasha ya pori lazima kining'inie kwenye boliti na kiweze kurudi nyuma. Kikigonga kisiki kinajikunja, kikipita kinatupwa nje tena na mzunguko. Kilichochomelewa hakina pa kwenda, kwa hiyo pigo lote linaingia kwenye gia.

Vipimo vya fiti 5: katikati weka mkono wa chuma bapa, unene mm 20, upana mm 120. Matundu ya visu yawe mm 400 kutoka katikati, kila upande. Kisu kiwe mm 350 kutoka tundu hadi ncha, jumla mm 750. Kikijikunja digrii 90, ncha inabaki sm 53 kutoka katikati badala ya 75. Hiyo nafasi ndiyo inayookoa.

Chini ya mkono funga sahani kuukuu ya plau ya diski, ya inchi 26, tumbo likitazama chini, ishuke sm 4 hivi kuliko visu. Kisiki kikishapita visu vilivyojikunja, kitakutana na sahani badala ya mkono, slasha itateleza juu yake. Sahani ifungwe kwa boliti, isichomelewe: ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi, ukikichoma kwa rodi za kawaida kitapasuka kandokando ya weldi.

Springi ya lori ya mm 12 kwa 80 ni chuma kizuri cha kisu, ila tundu usilitoboe kwa gesi. Ukingo uliokatwa kwa moto unakuwa mgumu kama kioo, ufa unaanzia hapo, na kisu kinaondoka na nusu ya tundu. Pasha moto sehemu ya tundu tu mpaka iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake, kisha toboa kwa keekee. Usiitumbukize kwenye maji baada ya hapo. Makali yanolewe upande wa juu na yabaki na unene wa mm 1.5. Kisu chembamba kama wembe kinang'oka meno kwenye kichipukizi cha kwanza. Kabla ya kunoa, zungusha PTO kwa mkono uone visu vinaelekea wapi. Kuna mafundi wamenoa mgongo wa kisu.

Sasa mizani. Kisu cha kipimo hicho kina kilo 3 hivi. Kwa mizunguko 794 kinavuta boliti yake kwa nguvu ya zaidi ya tani moja. Visu viwili vikitofautiana gramu 100 tu, giaboksi inavutwa upande mmoja kwa uzito wa karibu kilo 39, mara 13 kila sekunde. Vipime kwa mzani wa dukani, saga kizito mpaka vilingane. Kimoja kikivunjika, badilisha vyote viwili. Boliti ziwe za shingo laini ya mm 30, zimekerezwa, nati ya kufuli na pini juu yake.

MalishoMufindi

Asanteni sana. Difu nimeifuta. Kuhusu kuokoa gia: fundi anasema boliti ya kukatika (ile ya kwenye shafti inayokatika ili kuokoa gia) iwe ya daraja 8.8 ili "isisumbue". Na gurudumu la nyuma, tuweke la bajaji?

PTO540

Ikiwa haisumbui, basi haikatiki, na isipokatika kitakatika kingine. HP 60 kwenye 540 ni msokoto wa Nm 800 hivi. Boliti ya M12 ya daraja 4.6, ikikaa mm 50 kutoka katikati ya shafti, inakatika kwenye Nm 1,400 hivi. Hiyo inatosha kwa kazi ya kawaida, na kwenye kisiki inakwenda mapema. Ya 8.8 inavumilia mara mbili yake, karibu 2,800. Hapo meno ya giaboksi au msalaba wa shafti (kiungo chake kinachojikunja) ndivyo vitakavyokuwa boliti yako. Sehemu laini ya boliti ndiyo ikae kwenye mkato. Nyuzi zikikaa hapo, itakatika kila baada ya nusu saa, na hapo ndipo watu hukimbilia nondo. Beba boliti kumi kwenye kisanduku cha trekta, na spana yake.

Kwa visiki vingi kama vyako, klachi ya kuteleza ni bora zaidi kama bajeti inaruhusu. Kasoro yake ni kutu: ikikaa msimu wa mvua bila kazi, bamba zake zinagandana na inageuka shafti tupu. Kabla ya kuanza msimu, andika urefu wa kila springi, legeza nati, washa PTO sekunde mbili tatu mpaka itoe moshi kidogo, zima, rudisha springi kwenye urefu uleule.

Jambo ambalo halijasemwa: kama PTO ya trekta lako inapita klachi moja na gia za mwendo, visu vinavyozunguka vitaendelea kulisukuma trekta hata ukikanyaga klachi. Kwenye mteremko hilo linaua. Funga kombe la kuachia upande mmoja kwenye shafti ya PTO, linafanya kazi kama friwili ya baiskeli.

Shafti ya PTO ikiwa ndefu mno itagota na kupasua giaboksi siku ya kwanza unaponyanyua. Ipime slasha ikiwa juu, katikati na chini. Palipo pafupi kabisa ibaki nafasi ya sm 2.5, na palipo parefu kabisa mabomba yaingiliane angalau theluthi moja. Misalaba grisi kila siku ya kazi. Chini ya giaboksi weka kombe la bamba kukinga sili, maana kamba na waya za uzio zinajisokota pale na kuikata, oili inavuja bila wewe kuona.

Gurudumu la bajaji litatoboka. Kichipukizi cha mkaratusi kilichokatwa mshazari ni mkuki, hata tairi za mbele za trekta ziangalie. Tumia gurudumu la chuma au mpira mtupu, kwenye uma unaozunguka. Stika ya juu ya trekta (mkono wa juu wa kufungia slasha) isifungwe moja kwa moja: weka kiungo kinachocheza au mnyororo, ili nyuma ya slasha ipande na kushuka na ardhi. La sivyo ukivuka tuta, gurudumu linabeba slasha yote na bomba lake linapinda. Mbele iwe chini kuliko nyuma kwa sm 1 au 2.

Tofauti na FundiKereza: fiti 5 sawa, lakini tairi za trekta hilo zinapita nje ya upana huo, nyasi zilizokanyagwa zitabaki. Sogeza sehemu ya kufungia ili slasha itokeze kulia ifunike tairi moja, na ufyeke ukizunguka upande huo.

FundiKereza

Hapo nakubali, kusogeza ni sawa, ila isizidi sm 20, shafti isiende mshazari sana. Na minyororo ya mbele na nyuma usiisahau, ining'inie imebanana. Jiwe linalotoka kwenye mita 62 kwa sekunde linafika mbali, wachunga ng'ombe wakae mita 100.

MalishoMufindi

Asanteni sana wote. Kwa pasi ya kwanza, urefu gani kutoka ardhini?

SpringiMoja

Sm 15 hadi 20, gia ya chini kabisa, na mtu atangulie kwa miguu siku moja kabla akichomeka fito yenye kitambaa kwenye kila kisiki kinachozidi hapo. Hivyo vikatwe kwa msumeno kwanza. Pasi ya pili shusha hadi 10. Baada ya saa moja ya kwanza simamisha, zima injini, kaza boliti zote upya. Rangi mpya chini ya washa hubonyea na boliti zinalegea.