Gumzo la Jamaa wa Mkomani, Lamu: Kompyuta na Usukani wa Ndege

Khadija: Assalamu alaykum jamaa. Tikiti ya Bibi ya kwenda Umra imepatikana: ataruka kutoka Manda hadi Nairobi, kisha Jeddah. Tatizo ni kwamba tangu aliposikia kuwa ndege kubwa za siku hizi huongozwa kwa kompyuta, amegoma kufunga begi. Salim, wewe ndiwe fundi wa ndege katika ukoo huu, hebu tueleze, maana sina la kumjibu.

Salim: Waalaykum salaam, Dada Khadija. Katika ndege ndogo zinazotua Manda, kama zile Caravan, rubani akivuta usukani huwa anavuta nyaya za chuma zinazofika hadi mkiani. Katika ndege kubwa kama Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, na Boeing 777, iliyofuata mwaka 1995, mkono wa rubani hutuma ishara ya umeme, kompyuta huipima, na ndipo mitambo ya haidroliki, yaani inayosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo, husogeza vibao vya mabawa na vya mkia. Wapi pa kwenda huamua rubani. Kompyuta hutekeleza agizo lake, na katika A320 huzuia lile la hatari, kwa mfano kuinua pua mpaka mabawa yashindwe kuibeba ndege.

Mjomba Athmani: Na ikizimika katikati ya bahari? Simu yangu huganda hata nikisoma ujumbe wenu.

Salim: Ndiyo sababu haiwekwi moja, Mjomba. A320 ina kompyuta saba za kazi hiyo, za aina tatu, na kwa makusudi hazikuachiwa kikosi kimoja cha waundaji wala cha waandika programu, ili kosa la mmoja lisiwe kosa la zote. Zikiharibika kadhaa, ndege hupoteza baadhi ya kinga zake, lakini agizo la rubani bado hufika kwenye mabawa. Injini zote zikizimika na umeme wake ukakatika, hushushwa feni ndogo tumboni mwa ndege, nayo huzungushwa na upepo ikatoa umeme wa dharura.

Khadija: Usitupambie, Salim. Ndege ya Ethiopia iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa inakuja Nairobi, wakafariki watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya wenzetu. Ile haikuwa kompyuta?

Salim: Ilikuwa programu ya kompyuta, sikatai. Ila ndege hiyo, Boeing 737 MAX, bado ina nyaya za chuma za usukani. Kwa hiyo anayedhani kuwa nyaya hizo peke yake ni amani, ajali ile inamkanusha. Programu yake iitwayo MCAS iliwekwa isikilize kihisi kimoja tu, yaani kifaa cha kupima jinsi ndege ilivyoinuka dhidi ya upepo, ingawa ndege ina viwili, na kihisi hicho kilipotoa kipimo cha uongo, programu ikawa inainamisha pua tena na tena huku marubani wakipambana nayo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa 737 MAX ya Lion Air, shirika la Indonesia, tarehe 29 Oktoba 2018, walipokufa watu 189, na hadi siku ile vitabu vya marubani havikuwa vimewaeleza kwamba programu hiyo ipo. Kwa maoni yangu, kuwaficha marubani ni kosa zito kuliko programu yenyewe.

Mjomba Athmani: Hata nahodha hauamini mlango wa bahari kwa kutupa bildi, ile timazi ya kupima kina, mara moja. Basi ndege yenye vihisi vitatu haidanganyiki?

Salim: Hudanganyika, Mjomba, ingawa ni nadra mno. Tarehe 7 Oktoba 2008, ndege ya Airbus A330 ya Qantas, shirika la Australia, ilikuwa ikitoka Singapore kwenda Perth, na kimoja kati ya vifaa vitatu vinavyopeleka vipimo kwenye kompyuta kikaanza kutoa namba za ovyo. Programu ilikuwa na dawa yake: ikiona namba iliyoruka, hushikilia ile ya nyuma kwa sekunde 1.2. Hakuna aliyewaza kwamba namba ya ovyo ingerudi wakati uleule sekunde hizo zinapokwisha. Ilirudi, programu ikaikubali, na ndege ikainamisha pua ghafla, mara mbili. Rubani aliishika akatua Learmonth, huko huko Australia, na hakufa mtu, lakini zaidi ya watu 100 waliumia, kwani waliokaa bila mikanda walirushwa hadi darini. Programu ilirekebishwa baadaye.

Khadija: Afadhali umesema wazi, Bibi hapendi kubembelezwa kama mtoto. Nitamwambia asifungue mkanda hata taa yake ikizimwa. Ila najua atauliza: hufungwa chini ya buibui au juu yake?

Salim: Juu ya buibui, ili mhudumu auone bila kumwamsha.