Prosesa "kuingia" kwenye soketi sio "kuendana" na mazabodi! Siku 9 zimepotea kwa sababu ya neno moja

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Kwa siku tisa nimekaa na seva ya kuhifadhia data ambayo haikuwaka hata mara moja, na hakuna kitu kibovu ndani yake. Narudia, hakuna kibovu. Mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) nzima, prosesa nzima, RAM nzima, pawasaplai nzima, diski sita zote nzima. Shida ni kwamba mazabodi na prosesa havijuani, na kabla ya kununua niliuliza sehemu tatu tofauti, zote zikanihakikishia kuwa vinajuana.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Mashine ya kukaa kwenye kona, diski sita kwa ZFS (mfumo wa kupanga na kulinda faili kwenye diski), picha na nyaraka za miaka mingi zitulie humo, na RAM yenye ECC ili biti ikigeuka kimyakimya irekebishwe kabla haijaandikwa kwenye diski. Najua wapo watakaoruka hapo hapo kusema ZFS hailazimishi ECC. Ni kweli, hailazimishi. Naitaka hivyohivyo, tusonge mbele.

Sasa ECC haiji kwa kununua RAM ya ECC tu. Prosesa iikubali, chipseti ya mazabodi (chipu inayosimamia mawasiliano ya vifaa) iikubali, na RAM iwe ya aina ambayo mazabodi hiyo inaielewa. Prosesa au chipseti ikigoma, umebaki na RAM ya kawaida uliyoinunua kwa jina la kifahari. Na kwa upande wa Intel wa miaka ile kuna kichekesho: prosesa za i5 na i7 za mezani za kizazi cha 6 hadi cha 9 hazina ECC, lakini i3 ndogo inayo. Ndiyo maana watu wa seva za nyumbani wanazipenda sana i3 za wakati huo. Ila ukiiweka kwenye mazabodi ya kawaida ya H110 au B150, ECC haifanyi kazi. Lazima chipseti ya familia ya C, kwa mfano C232 au C236.

Basi nikatafuta, nikapata mazabodi iliyotumika ya C236. Mashine safi kabisa: tundu nane za SATA za kuunganishia diski, na ina kile kidhibiti cha IPMI cha kuiendesha kwa mbali bila monita. Kwenye kisanduku, herufi kubwa: LGA1151 (jina la soketi, lile tundu la prosesa), DDR4 (aina ya RAM), ECC. Kwa prosesa nikaangalia i3-6100, ina kori mbili. Halafu nikaona i3-8100, kori nne, nayo LGA1151, nayo DDR4, nayo ECC. Nani angechukua mbili badala ya nne?

Tangazo la muuzaji lilisema "inaendana na mazabodi zote za LGA1151". Sikuridhika, nikamwandikia: mazabodi yangu ni ya C236, itakubali? Jibu: "Ndiyo kaka, soketi moja hiyo, weka tu." Nikauliza na kwa wajuzi wa kompyuta, mmoja akanijibu kwa kebehi kabisa kwamba kama namba ya soketi ni ileile nauliza nini tena. Nikaingiza vifaa kwenye tovuti moja ya kukagua ulinganifu, ikaniwekea alama ya vema, rangi ya kijani. Sasa mtu afanye nini zaidi ya hapo?

Prosesa ikaingia kwenye soketi kama imezaliwa humo. Vile vikato vya pembeni vikakaa sawa, kishikizo kikafunga bila nguvu. Nikapaka pesti, nikafunga kipoza joto, nikabonyeza.

Feni zikazunguka. Kioo cheusi.

Na hapa IPMI ndiyo iliyonimaliza, maana ile ni kompyuta ndogo inayojitegemea juu ya mazabodi, inawaka mara tu umeme unapofika hata kama prosesa kuu haifanyi lolote. Nikafungua kivinjari, ikanikaribisha vizuri. Feni sawa, volti sawa, kila mstari kijani. Joto la prosesa tu ndilo lililokuwa limeandikwa halisomeki. Nikiiangalia taarifa ile naona mashine yenye afya tele, nikiangalia monita naona maiti.

Siku zilizofuata nilifanya kila ambacho mtu hufanya. RAM moja moja kwenye kila tundu. Betri ya CMOS nje usiku kucha. Diski zote nje. Pawasaplai nyingine ya kuazima. Nikang'oa prosesa, nikamulika pini za soketi kwa tochi ya simu, moja baada ya moja, nikitafuta iliyopinda, macho yakauma. Nikapandisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine na kuitambua prosesa) hadi toleo la mwisho kupitia IPMI, kwa hiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia "sasisha BIOS". Nilisasisha. Hakuna toleo rasmi la BIOS la mazabodi ile litakaloitambua prosesa hii.

Kwa sababu LGA1151 ziko mbili! Ya kwanza ilitoka 2015 na kizazi cha 6, ikabeba na cha 7, chipseti zake ni za mfululizo wa 100 na 200, na C232 na C236 zimo humo. Mwishoni mwa 2017 kikaja kizazi cha 8 na chipseti za mfululizo wa 300. Idadi ya pini ni ileile 1151, umbo ni lilelile, lakini kazi za pini zimebadilishwa. Pini za kupeleka umeme kwenye kori zimetoka 128 zikawa 146, nyingi zikichukuliwa kutoka zile zilizokuwa zimeachwa bila kazi. Kile 1151 ni hesabu ya pini tu, basi. Hakikuambii kila pini inafanya nini. Mwenzake wa kweli wa i3-8100 kwa mtu wa ECC ni C242 au C246, ambazo nilikuwa sijawahi hata kuzisikia.

Ndiyo, najua wapo mafundi waliochezea BIOS wakawasha kizazi cha 8 kwenye mazabodi za zamani, wengine hadi kuziba pini kwa utepe. Nawapa heshima zao. Lakini mimi siweki picha za wazazi wangu juu ya BIOS iliyorekebishwa na mtu nisiyemjua.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo. Kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa mazabodi kuna jedwali la prosesa zinazokubaliwa, lakini unachagua modeli, unachagua toleo la bodi, unashuka chini kabisa, unabonyeza kichupo ambacho hakionekani kama kichupo, ndipo unaliona. Na jedwali lenyewe halisemi popote kwamba kizazi cha 8 hakikubaliki. Kimeachwa tu hakimo. Mtu asiyejua kuna LGA1151 mbili atajuaje kwamba kukosekana kwa jina ndiyo jibu? Mstari mmoja pale juu, "kizazi cha 6 na cha 7 pekee", ungeniokoa. Nafasi ya kuchora nembo tano kwenye kisanduku waliipata.

Muuzaji nilimrudia. Akasema prosesa haina ubovu, kwa hiyo hairudishwi, tena "si uliona mwenyewe imeingia?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote neno "inaendana" kwake lilikuwa na maana ya "inaingia". Kwa hesabu hiyo hata kijiko kinaendana na soketi ya umeme.

Najua watu wa AMD, washindani wa Intel, mmeshaanza kucheka. Subirini kwanza. AM4 yenu ni soketi moja iliyobeba prosesa za Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi wa 5000, hongereni, ila tatizo lenu limehamia kwenye BIOS. Mazabodi iliyokaa ghalani na BIOS ya zamani ukiiwekea prosesa mpya inakuwa nyeusi kama yangu, na ili uisasishe unahitaji prosesa ya zamani ambayo huna. 2018 AMD wenyewe waliwaazima watu prosesa za kuwashia ili wasasishe BIOS. Kama mazabodi ina kile kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa, umepona. Kama haina, pole. Na chipu ya BIOS kwenye mazabodi nyingi ilikuwa ya megabaiti 16 tu, prosesa zote hazikuenea, kwa hiyo matoleo mengine mapya yaliwafuta wazee ili wageni wapate nafasi.

Halafu turudi kwenye ECC. Ryzen za AM4 zenye herufi G, zile zenye grafiki ndani, hazina ECC mpaka ziwe za PRO. Zisizo na G zinaikubali kama mazabodi nayo inaikubali, lakini hazina grafiki, kwa hiyo unahitaji kadi ya picha ili uone BIOS, na kadi hiyo inakula tundu ulilokuwa umelitunzia kadi ya diski. Mtu wa seva ya nyumbani anaumia kotekote.

Na wapenzi wa Xeon, prosesa za Intel za seva, mjiangalie pia. Xeon E3 v3 ya LGA1150 ilikubali kukaa kwenye mazabodi nyingi za kawaida, watu wakazoea. Wakanunua E3 v5 ya LGA1151 wakaiweka kwenye B150. Haiwaki. Inataka C232 au C236, yaani mazabodi hii hii yangu iliyokuwa imekaa hapa inaning'inia bila mwenzake.

Angalau nilinusurika kipigo cha pili. Nilitaka kuongeza RAM na nilikuwa karibu kulipia vipande viwili vilivyoandikwa ECC, bei poa. Kwa uoga uliokuwa umeniingia nikaomba picha ya lebo: RDIMM. Hizi ni za seva kubwa. Pini 288 kama UDIMM ya DDR4 (umbo la RAM la kompyuta za kawaida), zinaingia bila shida, mazabodi yangu inataka UDIMM tu. Muuzaji huyo naye alikuwa ameandika nini? "Inaendana na DDR4 zote." Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

HARIRI: Mnaouliza kama nimetatua, ndiyo. Nimepata i3-6100 iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyokufa. Haikufika hata dakika mbili kioo kikawaka. Nikaendesha dmidecode (amri ya kusoma taarifa za vifaa) kwenye Linux, na kwa RAM ikaonyesha upana wote biti 72, upana wa data biti 64, zile nane za ziada ndizo ECC yenyewe. Kori mbili zinatosha kabisa kugawa faili, kumbe tamaa ya nne ndiyo iliyonifikisha huku.

HARIRI 2: Jamaa wa jibu la tatu ameandika "ila soketi ni moja mkuu, labda mazabodi ni mbovu". Nimesoma mara mbili kuhakikisha hatanii. Mkuu, rudi juu usome. Na mtu mwingine yeyote akija humu kuuliza kama prosesa fulani inakaa kwenye mazabodi fulani, mwulize modeli kamili na toleo la bodi lililochapwa pembeni, fungua jedwali la mtengenezaji, mpe na toleo la BIOS linaloanzia. Kama huna muda wa kufungua jedwali, nyamaza, kunyamaza hakumpotezei mtu siku tisa.

Ile i3-8100 bado iko kwenye kisanduku chake, haijawahi kufanya kazi hata sekunde moja mikononi mwangu. Mwenye C246 inayohitaji prosesa aje inboksi, ila asinitajie soketi. Nataka modeli, toleo la bodi na toleo la BIOS, la sivyo simwuzii.