Kulala bure milimani kando ya Pasifiki: Ventana, King Range au Kalmiopsis?

Hema_Kuukuu:
Wakuu salama? Tuko wawili, mimi na shemeji yangu, tuna gari ndogo ya kawaida siyo 4x4. Tunataka siku tatu nne mwezi wa tano tukalale kwenye milima ya pwani ya magharibi Marekani, sehemu ambayo bahari unaiona au angalau unaisikia, na kempu za kulipia hatuzitaki maana za Big Sur, ule ukanda wa pwani ya California, zinajaa miezi kabla na bei zake we acha tu. Nimesoma huku na huku nimebaki na tatu: Ventana iliyo ndani ya msitu wa Los Padres huko Big Sur, King Range ile wanayoita Lost Coast kaskazini mwa California, na Kalmiopsis kusini mwa Oregon. Kutembea na mabegi tunaweza, ila magoti ya shemeji siyo ya kuchezea. Nyie mngechagua ipi? Na ile ya kulala kwenye gari pembeni ya Highway 1, ile barabara ya pwani, inakubalika au ni stori za watu?

Mzee wa Kijiti:
Naanza na la mwisho. Highway 1 upande wa kaunti ya Monterey kulala pembeni ya barabara ni marufuku, vibao vipo, usiku unagongewa kioo na tochi usoni, na kwa faini yake ungelala kempu ya kulipia chenji ikabaki. Hilo tulifunge.

Sasa kuna kitu watu wanakichanganya kila siku. Bure ya gari na bure ya miguu ni vitu viwili. Ya gari Big Sur imebanwa sana, zile barabara za msituni kama Plaskett Ridge na Nacimiento-Fergusson zilipendwa mpaka zikaharibika, kila kichaka choo, kila kona majivu, kwa hiyo usiende kwa stori za miaka ya nyuma, ingia ukurasa wa msitu wa Los Padres usome amri zilizopo wiki hiyohiyo unayoondoka. Ya miguu ndo bado raha. Ndani ya Ventana hulipi kulala wala hukati kibali cha kulala, unapaki, unabeba begi, unapotea. Unachotakiwa kuwa nacho ni kibali cha moto cha California, hicho unakihitaji hata kama una jiko dogo la gesi tu, kinatolewa onlaini bure, unaangalia video fupi unajibu maswali basi. Moto wa kuni usahau, msimu wa ukame ukianza hauruhusiwi huko porini, na wana sababu: moto wa Soberanes wa 2016 ulianzia kwenye moto wa kempu uliowashwa pasiporuhusiwa, ukala ekari zaidi ya 132,000.

Mimi ningewapeleka Vicente Flat. Njia inaanzia mkabala na kempu ya Kirk Creek, kama kilomita 8 mpaka mnapolala. Mwanzo wote ni mteremko wa majani na vichaka, mnapanda kwa zigizaga na bahari iko chini ya visigino, alafu njia inakunja kuingia bondeni, mara paap mko chini ya redwudi, ile miti mirefu mno, giza na baridi kama mtu kafungua friji.

Dada wa Bamvua:
Mzee nakuheshimu lakini kaka kasema anataka kuisikia bahari, na Vicente Flat usiku unasikia kijito. Kwa bahari hakuna inayoifikia Lost Coast. Njia ni ufukwe wenyewe, kutoka Mattole mpaka Black Sands kama kilomita 40, na milima imesimama hapohapo, King Peak ina mita 1,246 na mpaka baharini ni kama kilomita 5 tu.

Ila niseme ukweli, kwa mtu anayetafuta bure hii siyo. Kibali lazima, unakata Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kukata nafasi, na watu wanaoruhusiwa kuanza ni 60 kwa siku kuanzia 15 Mei mpaka 15 Septemba, nje ya hapo ni 30, kwa hiyo ukichelewa kukata nafasi zimekwisha. Kanista ngumu ya kuwekea chakula dubu asikifikie ni lazima, dubu weusi wapo. Na ukimaliza gari lako liko upande wa pili, huo usafiri wa kurudishwa ndo unaokula hela kuliko vingine vyote.

Alafu maji. Kuna vipande viwili, kila kimoja kama kilomita 7, ambavyo maji yakijaa njia hakuna, nyuma jabali mbele bahari. Jedwali la maji kujaa na kupwa libebeni kwenye karatasi maana netiweki hakuna, ingieni maji yakiwa bado yanatoka, siyo yameshaanza kurudi, na siku za bamvua bahari ikiwa imechafuka msilitegemee jedwali peke yake, kaeni juu msubiri. Kuna watu wamekufa pwani ile. Na kwa magoti, ule mchanga mlaini na mawe ya mviringo yanayoteleza... shemeji atakununia mwaka mzima.

Msitu Mnene:
Kalmiopsis naona hakuna wa kuisemea. Bure kabisa, kibali hakuna, ekari karibu 180,000 na unaweza usikutane na mtu. Njia ya Vulcan Lake ni fupi, kama kilomita 2 na kidogo, mwisho kuna ziwa dogo katikati ya mawe mekundu, ukilala pale utaelewa.

Shida ni kufika. Kutoka Brookings ni barabara ya msituni ndefu na mwisho wake mbovu, gari la chini kama lenu litakwaruza tumbo, na mwezi wa tano theluji inaweza kuwa bado imeziba huko juu. Pia moto umepita sana, Biscuit wa 2002 ulichoma karibu ekari 500,000, Chetco Bar 2017 ukarudia, kwa hiyo miti mikavu iliyosimama ni mingi na upepo ukija inaanguka bila kuaga. Kabla hujapiga hema inua macho. Na hayo ni maeneo ya pori yanayolindwa na sheria ya 1964, misumeno ya injini kwa kawaida hairuhusiwi, njia zinasafishwa kwa misumeno ya mkono, kwa hiyo ukikuta gogo limelala njiani usishangae, panda vuka. Bahari lakini iko mbali, hilo sikatai.

Kiatu Mbovu:
Mnaongelea dubu na miti, anayewala watu Ventana ni kupe na poizoni oki. Ule mmea una majani matatumatatu, unajaa pembeni ya njia hasa iliyopitiwa na moto, mafuta yake yakigusa ngozi ni malengelenge wiki mbili. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu hata kama jua linawaka, na ukihisi umegusa osha na sabuni haraka, usiukate wala usiuchome, moshi wake unaingia mapafuni. Kupe kaguaneni kila mkisimama, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mkanda.

Na kwa shemeji, siyo lazima afike Vicente Flat siku ya kwanza. Katikati kuna kempu ndogo ya Espinosa, mgongoni mwa mlima, bahari unaiona. Laleni pale kesho yake mmalizie.

Hema_Kuukuu:
Kiatu Mbovu umeniokoa, hiyo ya Espinosa sikuiona popote. Basi ni Ventana, Lost Coast tutaipangia na kibali mkononi. Maji yapo njiani? Na choo mnafanyaje?

Mzee wa Kijiti:
Mwezi wa tano vijito vingi bado vinatiririka, kuanzia mwisho wa kiangazi ndo shida. Ila ondokeni chini na lita tatu tatu kila mtu maana ule mteremko wa kwanza hauna kivuli, na maji ya kijito chujeni au chemsheni hata kama yanang'aa. Choo ni shimo la sentimita 15 mpaka 20, mita 60 kutoka kwenye maji, njia na hema. Karatasi mnarudi nazo kwenye mfuko, msizifukie, wanyama wanazifukua.

Na kabla hamjawasha gari angalieni hali ya Highway 1. 2017 mlima wa Mud Creek ulianguka juu ya barabara ikafungwa zaidi ya mwaka, na yanayofanana na hilo yametokea tena baadaye. Kirk Creek inafikika kutoka kusini au kaskazini, ikifungwa upande mmoja ni kuzunguka masaa, kwa hiyo jueni mapema mnatokea wapi na jazeni tenki.

Dada wa Bamvua:
Bebeni na jaketi. Chini kwenye ukungu wa bahari ni baridi hata mchana, mkitoka juu yake jua kali. Mnavaa na kuvua njia nzima.