Ripoti ya picha ya kifua ya mzee: granuloma ndiyo nini?

Mjukuu wa Newala:
Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana miaka 66, mkulima wa korosho huku Newala. Juzi kapigwa eksirei ya kifua Mtwara mjini, maandalizi ya upasuaji wa ngiri. Ripoti ina mistari minne ya Kiingereza: granuloma ya milimita 4 yenye kalsiamu, pafu la kulia kwa juu, moyo kawaida. Nimekabidhiwa bahasha dirishani, daktari hadi Jumatatu. Mzee hakohoi, hajakonda, ugali anamaliza. Ila tangu asikie "kuna kitu kwenye pafu" halali. Jana katuita kutugawia mikorosho! Nifanyeje?

Kijana wa Mkanaledi:
Hiyo salfa mkuu. Mabomba ya kupulizia mikorosho yanamaliza wazee.

Tabibu mstaafu:
Salfa inawasha macho na koo, na barakoa avae kweli, lakini haiachi doa moja la chokaa, yaani hiyo kalsiamu ya kwenye ripoti. Granuloma ni kovu. Mwili ulizingira vijidudu, mara nyingi vya TB, na miaka ikipita pale pakajaa chokaa, ndiyo maana panang'aa kama mfupa kwenye picha. Doa dogo lililojaa chokaa lote kwa kawaida si kansa. Muulize kama aliwahi kuugua kifua, na mtafute picha ya zamani. Doa likiwa lilelile, mmemaliza. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku au damu kwenye makohozi, apime makohozi, maana eksirei peke yake haitoshi kusema TB imelala. Vituo vya serikali kipimo hicho ni bure.

Mama Nachingwea:
Na bahasha msiiache nyumbani. Daktari wa upasuaji na wa usingizi waione kabla ya siku yenyewe.

Mjukuu wa Newala:
Ahsanteni sana. Nimemuuliza, akakataa katakata. Mama akadakia kutoka jikoni: "Na zile sindano za misheni je?" Kumbe kabla sijazaliwa alichomwa sindano kila siku, miezi miwili, halafu vidonge. Alisema ni malaria ili asikosane na wakwe! Picha ya zamani hakuna, ila Jumatatu tunakwenda na hiyo habari.

Usiku kalala. Asubuhi kaniita, anataka mikorosho yake irudi.