Dogo kafungwa miaka 30 kwa macho ya shahidi mmoja: rufaa ya kwanza hupimaje ushahidi?

Dada_Mkubwa:

Habari za jioni wadau. Naomba kueleweshwa, siyo kuliwazwa, maana wa kuniliwaza nimeshapata wa kutosha.

Mdogo wangu wa kiume amehukumiwa miaka 30 na mahakama ya wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Dereva wa bodaboda alieleza kwamba saa 3 usiku alikodiwa na abiria wawili, wakamtolea panga njiani na kuondoka na pikipiki. Akasema mmoja wao ni dogo. Dogo alikamatwa wiki mbili baadaye. Pikipiki haijapatikana mpaka leo, panga nalo halijaonekana. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilileta mashahidi watatu, ila aliyekuwepo kwenye tukio ni dereva peke yake. Wengine ni askari aliyekamata na mpelelezi.

Kusudio la kukata rufaa alilitoa akiwa gerezani, siku ya sita baada ya hukumu. Jana nimekabidhiwa nakala ya hukumu na mwenendo (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani), jumla kurasa 41, na sijalala.

Ninachotaka kujua: jaji wa Mahakama Kuu anapima upya kama ushahidi unatosha, au anaangalia tu kama hakimu alifuata utaratibu? Pia kuna jirani yetu aliyemuona dogo usiku ule, dogo akiwa kazini kwenye lindo lake. Hakuitwa mahakamani. Naweza kumpeleka kwenye rufaa?

Mtaa_wa_Saba:

Pole sana dada. Hiyo kesi mbona nyepesi. Shahidi mmoja hawezi kumfunga mtu miaka 30, lazima wawe wawili. Andikeni sababu hiyo moja, anatoka.

Karani_Mstaafu:

Mtaa wa Saba, mwanangu, usimpoteze mwenzio. Sheria yetu ya Ushahidi hapa Tanzania haijaweka idadi ya mashahidi. Mmoja akiaminika anafunga, na nimepiga chapa hukumu nyingi za namna hiyo. Akiandika sababu hiyo peke yake, itatupwa kwa aya moja.

Dada, mimi nimekaa masjala za mahakama miaka 26. Siyo wakili, kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyebeba mafaili, siyo aliyeyatetea.

Rufaa ya kwanza ni kesi inayosikilizwa tena, isipokuwa safari hii mashahidi wote ni karatasi. Jaji hakai pale kukagua utaratibu tu. Anatakiwa auchukue ushahidi wote, wa Jamhuri na wa dogo, aupime mwenyewe, kisha afikie uamuzi wake mwenyewe. Siyo fadhila, ni haki ya mrufani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema hivyo katika kesi ya Pandya ya 1957, ikarudia katika Okeno mwaka 1972, na majaji wetu wanazinukuu mpaka leo. Jaji akiishia kuandika "nakubaliana na hakimu" bila kupima kitu, hilo lenyewe linakuwa kosa la kupeleka juu zaidi.

Kuna sharti moja lakini. Jaji anatakiwa akumbuke kwamba yeye hakuwaona mashahidi, hakimu ndiye aliyewaona. Hapa nikupe kisa. Zamani kidogo, mama mmoja aliulizwa mahakamani nani alimvamia. Alimtazama mshtakiwa. Akageuka akamtazama mumewe kwenye mabenchi ya nyuma. Akarudi kutazama kizimbani, kimya, mpaka mwendesha mashtaka akarudia swali. Ndipo akanyoosha kidole. Nilipokuja kupiga chapa kutoka kwenye mwandiko wa hakimu, nilikuta: "Ni yule pale kizimbani." Maneno manne. Kile kimya hakikupanda kwenda Mahakama Kuu.

Kwa hiyo shahidi anapoaminiwa kwa namna alivyoonekana, hakimu ana nguvu kuliko jaji. Lakini imani ina njia nyingine mbili za kupimwa, na hizo jaji anaziweza vizuri tu akiwa ofisini kwake: je, maneno ya shahidi yanashikana yenyewe kwa yenyewe? Na je, yanakubaliana na ya mashahidi wenzake? Usihangaike kuandika kwamba dereva alikuwa na sura ya uongo. Tafuta mahali karatasi inapojipinga.

Kesi yenu ni ya utambuzi wa macho usiku. Kwa hiyo mlango wenu ni *Waziri Amani dhidi ya Jamhuri*, ya mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa aina hii ni dhaifu kuliko wote, na usitumike kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kufananisha watu kimakosa uondolewe. Ikataja mambo ya kuangalia: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, umbali gani, katika hali gani, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumfahamu kabla.

Sasa nipe maneno ya dereva. Usinieleze kwa ufupi, nakili kama yalivyo.

Dada_Mkubwa:

Shikamoo mzee. Nanakili.

Ukurasa wa 9: "Nilimtambua mshtakiwa kwa sababu kulikuwa na mwanga wa taa ya duka. Alivaa koti jeusi. Sikuwahi kumuona kabla ya siku hiyo."

Ukurasa wa 11, dogo anamuuliza maswali, yeye anajibu: "Ilikuwa muda mfupi. Niliogopa panga."

Hukumu, ukurasa wa 5: "Shahidi wa kwanza alimfahamu vyema mshtakiwa na mwanga ulikuwa wa kutosha. Sina sababu ya kutomwamini. Utetezi wa mshtakiwa ni wa kukana tu."

Karani_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Soma tena hizo sentensi mbili. Shahidi: "Sikuwahi kumuona kabla." Hakimu: "Alimfahamu vyema." Hilo la hakimu limetoka wapi? Hakimu hawezi kuweka kwenye hukumu jambo ambalo hakuna shahidi aliyelisema. Andika kurasa zote mbili kwenye sababu zako, ya mwenendo na ya hukumu, zikae jirani.

Halafu hiyo taa. "Taa ya duka" ni taa gani? Bulbu ya barazani, au taa ya chaji iliyo nyuma ya nondo za dirisha? Duka lilikuwa hatua ngapi kutoka walipokuwa? Mwanga uliwapiga usoni au mgongoni? Panga lilitolewa palepale dukani au mbele zaidi kwenye giza? Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba haitoshi shahidi kusema kulikuwa na mwanga, aeleze ulikuwa mwanga wa namna gani na mkali kiasi gani. Hakimu kaandika "wa kutosha", lakini kwenye maneno uliyoninakilia hakuna aliyempa kipimo.

Na huyu alikuwa mgeni kwake. Mtu usiyemfahamu, ulitakiwa uwape polisi wajihi wake kabla hajakamatwa: urefu, rangi, alama, sauti. Baada ya hapo linafanyika gwaride la utambuzi, yaani mtuhumiwa anapangwa mstari na watu wengine ili shahidi amchague. Je, lilifanyika? Kama mara ya kwanza kumnyooshea kidole ilikuwa mahakamani, uzito wake ni mdogo mno, maana aliyesimama kizimbani anajulikana na kila mtu mle ndani, hata mwuza karanga wa nje.

Angalia pia askari aliyekamata alisema nini kilimpeleka kwa dogo.

Mwanafunzi_Sheria:

Naomba kuingilia. Mwaka huu tumesoma *Jackson dhidi ya Virginia*, ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 1979. Kule swali siyo jaji wa rufaa anaonaje. Ushahidi unatazamwa kwa namna inayoupendelea upande wa mashtaka, halafu inaulizwa kama mwamuzi yeyote mwenye kufikiri sawasawa angeweza kuona kosa limethibitishwa bila kuacha shaka ya msingi. Sisi hatutumii kipimo hicho?

Wakili_wa_Usiku:

Mwanafunzi, kwenye rufaa ya kwanza hapana, na tofauti hiyo kwa dogo ni kubwa. Kule kesi ikisikilizwa, mara nyingi inaamuliwa na baraza la wananchi wa kawaida badala ya jaji, kwa hiyo mahakama za juu zinaogopa kuwanyang'anya kazi ya kuamua nani wa kuaminiwa. Wanauliza kama *ingewezekana* kumtia hatiani. Jaji wetu anajiuliza: mimi mwenyewe, kwa ushahidi huu, nimeridhika? Mrufani anayeweza kushindwa kwa kipimo cha *Jackson* anaweza kushinda kwetu kwa faili lilelile. Nao wana la kuwasifia: ushahidi ukionekana hautoshi, mashtaka hayarudi tena. Ilisemwa katika *Burks dhidi ya Marekani*, 1978.

Huo ukali wa kutogusa mambo ya ushahidi kwetu unaanzia rufaa ya pili. Mahakama ya Rufani kwa kawaida inashughulika na hoja za kisheria, na mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo la ushahidi hailigusi, isipokuwa ziliuelewa ushahidi vibaya au ziliacha jambo la msingi. Kesi inayonukuliwa kila mara hapo ni *DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) dhidi ya Jaffari Mfaume Kawawa*, 1981. Kwa hiyo dada, silaha zako zote za ushahidi zitumie Mahakama Kuu. Usijiwekee akiba ya huko mbele.

Kuhusu jirani: kwa kawaida rufaa inaamuliwa kwa yaliyomo kwenye kumbukumbu. Mahakama Kuu ina uwezo wa kupokea ushahidi wa nyongeza, lakini inautumia kwa nadra, na swali la kwanza litakuwa kwa nini hakuitwa wakati wa kesi. Usijenge rufaa juu yake. Niambie badala yake dogo alisema nini kwenye utetezi.

Dada_Mkubwa:

Alisema alikuwa lindoni kuanzia saa 12 jioni mpaka asubuhi. Mistari minne tu. Kama alitoa taarifa mapema ya utetezi huo sioni popote. Hakuwa na wakili.

Mzee, gwaride sijaliona mahali popote kwenye kurasa 41. Na askari alisema hivi, ukurasa wa 14: "Tulipata taarifa kutoka kwa msiri." Basi.

Wakili_wa_Usiku:

Bila taarifa ya mapema mahakama ina hiari ya kutoupa uzito utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio. Ila kutoupa uzito baada ya kuupima ni jambo moja, na kutoutazama kabisa ni jambo lingine. "Ni wa kukana tu" haionyeshi kwamba hakimu aliupima. Omba jaji aupime yeye. Na dogo hakuwa na mzigo wa kuthibitisha alikuwa lindoni. Mzigo ni wa Jamhuri mwanzo mpaka mwisho, na udhaifu wa utetezi hauzibi pengo la mashtaka.

Tahadhari moja, maana wengi inawakuta wakiwa wameshashona nguo za kumpokea mtu wao. Usijaze sababu za rufaa makosa ya utaratibu ukidhani wingi ndio nguvu. Kosa la utaratibu linaweza kuishia kwa amri ya kesi kusikilizwa upya, na dogo akarudi mahabusu kuanza moja. Msimamo wa kesi ya *Fatehali Manji*, 1966, ni kwamba kesi isirudishwe ili kuwapa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Basi waonyeshe mapengo. Hoja yako iwe kwamba hata utaratibu ungefuatwa wote, ushahidi huu hautoshi.

Mtaa_wa_Saba:

Nimenyamaza wakuu, najifunza. Dada samahani kwa lile la mwanzo.

Karani_Mstaafu:

Usijali mwanangu Mtaa wa Saba, wengi wanaamini hivyo, hata wengine waliovaa tai.

Dada, siku zako. Kusudio ndani ya siku 10 dogo alishatimiza. Sababu za rufaa ni siku 45 tangu hukumu, lakini muda wa kusubiri nakala hautahesabiwa. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala, na karatasi inayoonyesha umekabidhiwa lini, zitunze pamoja na vyeti vyako vya kuzaliwa. Nimeona rufaa nzuri zikikwama mlangoni kwa sababu ya muhuri uliofifia. Na msiandike mara mbili, dogo akapeleka zake kupitia gereza na wewe zako kupitia wakili, zikagongana.

Halafu umeninakilia ukurasa wa 9 na wa 11. Wa 10 uko wapi?

Dada_Mkubwa:

Niliuruka mzee kwa sababu ni alivyokwenda polisi tu. Huu hapa: "Asubuhi yake nilikwenda kituoni. Nikaeleza kuwa nimenyang'anywa pikipiki na watu wawili nisiowafahamu, sikuweza kuwaona vizuri. Nikapewa karatasi ya kwenda hospitali."

Karani_Mstaafu:

Uliuruka!

Usiku wa tukio hakuwaona vizuri, miezi baadaye kizimbani anamjua mpaka koti. Kuna kesi ya *Marwa Wangiti Mwita*, 2002: shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili muhimu ya kuaminika kwake, na kuchelewa au kushindwa kabisa kumtaja kunapaswa kuifanya mahakama ijiulize. Huyu wako hakuishia kushindwa kumtaja, alisema hakuona.

Hiyo iwe sababu ya kwanza, siyo ya nne. Ukurasa wa 10, na unukuu maneno yake mwenyewe.