Maktaba ya mtaa Nkuhungu: nataka msomaji aulize na kujibiwa kwenye simu, nianzie wapi?

Mkutubi_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Naendesha maktaba ndogo huku Nkuhungu, Dodoma mjini. Vitabu havifiki 2,000, kompyuta 2, na daftari la kuazimia nililolichora mistari kwa rula. Juzi binti wa kidato cha nne katembea kutoka Chang'ombe saa nane mchana kufuata kitabu cha fizikia. Nakala ni moja, na iliazimwa wiki mbili nyuma. Akakaa kwenye benchi, akavua kiatu akakung'uta mchanga, akaniuliza: "Sasa ningejuaje nikiwa nyumbani?" Sikuwa na jibu.

Tovuti tunayo, tulitengenezewa. Ina picha ya jengo na saa za kufungua, basi. Ni bango tu: msomaji hawezi kuuliza, kuweka oda wala kutuambia kitabu gani kimechanika. Nataka aongee nasi, nasi tumjibu. Hela ni ya kuokoteza.

Fundi_Makole
Mkuu, weka Koha. Ni programu huria ya kuendeshea maktaba, hulipii leseni. Ilianzia maktaba za Horowhenua kule New Zealand, ikaingia kazini Januari 2000. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Msomaji anatafuta kitabu, anaona kama kipo au kimeazimwa, anajiwekea oda, anaandika maoni na mkutubi anayapitia kwanza. Kazi ngumu si kuisimika, ni kuingiza vitabu kimoja kimoja. Na uhifadhi nakala ya kumbukumbu zako kila jioni, umeme wetu unaujua.

Mama_Kondoa
Mwanangu, Koha ni nzuri na utafika huko. Ila mimi nimekaa kaunta ya maktaba miaka 19, ngoja nikuambie yaliyonikuta.

Nilianza na kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza likajaa matangazo ya viatu na salamu za asubuhi, swali la kitabu likawa linapotelea humo. Nikalifunga. Nikachukua laini ya maktaba peke yake, nikatangaza nyakati za kujibu: saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mtoto akijua saa kumi atajibiwa, anasubiri. Akikosa jibu mara mbili, haulizi tena. Wenye vitochi wanatuma meseji ya kawaida kwenye namba hiyo hiyo.

Halafu nikagundua kitu. Watoto hawaulizi kitabu kwa jina lake. Wanauliza "kile chekundu chenye balbu", "kile cha maswali mengi nyuma". Nikaanza kuyaandika maneno hayo kwa penseli kwenye kadi ya kila kitabu. Maktaba ya Ann Arbor, Michigan, Marekani, iliwaruhusu wasomaji wake kufanya hivyo mtandaoni mwaka 2007: wakabandika maneno yao wenyewe kwenye katalogi, wakatoa nyota, wakaandika maoni. Ukija kuingiza vitabu kwenye Koha, ingiza na hayo maneno ya watoto, maana ndiyo watakayoyaandika wakitafuta.

Moja linaniuma mpaka leo. Mtu aliuliza kundini kitabu cha uzazi wa mpango kiko kwa nani, nami nikajibu kwa jina. Yule msichana alikirudisha kwa kumtuma mdogo wake, na maktaba hakukanyaga tena. Usimtaje aliyeazima, hata uulizwe vipi. Sema "kimetoka, kinarudi Ijumaa". Siku hizi ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mimi nakuambia kwa ajili ya yule msichana.

Kidato6_Bahi
Naongea kama msomaji. Bando likiisha, hayo yote hatuyaoni. Kompyuta moja iwekeeni programu ya Kiwix na rauta ndogo: Wikipedia ya Kiswahili inasomeka kwa simu mle mle maktabani bila intaneti.

Mkutubi_Nkuhungu
Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Kesho naanza na rafu ya sayansi peke yake, kadi na penseli. Namba ya maktaba niitangaze wapi? Kwenye tovuti hakuna anayeingia.

Mama_Kondoa
Marahaba. Iandike kwa chaki mlangoni, upande wa nje, waione hata mkiwa mmefunga. Na kitabu cha fizikia kikirudi, mpigie kwanza yule binti wa Chang'ombe.