Mrejesho: ribiti za mkia wa ndege zimekaa sawa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu ndege ninayoiunga gerejini: ribiti (vijiti vya kuunganishia mabati) za mkia zilikuwa na vichwa vya nyuma, yaani ncha inayobondeka ribiti ikipigwa, vilivyolala upande, sikujua nizing'oe au niziache.

Nimeng'oa 11 tu. Aliyenishauri nipime kabla ya kushika drili, Mungu ambariki. Kichwa cha nyuma kinatakiwa upana wa mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti, na kimo nusu ya kipenyo. Ribiti ya milimita 3.2 basi inatoa kichwa cha kama milimita 4.8 kwa 1.6. Nyingi zilikuwa ndani ya kipimo, macho ndiyo yalinitisha.

Kung'oa kunataka subira. Unatoboa kichwa cha mbele peke yake, katikati kabisa, unakivunja kwa pini, kisha unausukuma mwili utoke huku mwenzako ameegemeza kipande cha mbao nyuma ili bati lisibonyee.

Kosa lilikuwa langu: chuma cha kukingia, kile kinachoshikwa nyuma ya ribiti ikipigwa, nilikishika kimeinama. Sasa mke wangu ndiye anakishika, mimi napiga, na hatugusi kitu mpaka aseme "tayari". Jana tumepiga 40, hatukurudia hata moja. Asanteni sana, kwa kweli mmeniokolea mkia.